Bando, Tokeni na Kodi ya Nyumba: Nani Aliruhusiwa Kutoa Gharama?

Kila Juni ikikaribia, wasee wanaoandika kwa mtandao hunitumia swali moja kwa namna kumi tofauti. Nimelipa bando mwaka mzima, nimenunua laptopu, nimemlipa mtu aninakilie mahojiano. Hizo pesa nazitoa kabla ya kuhesabu ushuru, ama nalipia kila shilingi iliyoingia?

Jibu fupi: unazitoa, ukiwa na karatasi. Ushuru wa mapato unatozwa faida. Lakini hilo jibu fupi linaficha stori ndefu, kwa sababu haki ya kusema "ngoja kwanza tutoe gharama" haikufikia Wakenya wote siku moja. Kuna waliopewa mapema. Halafu kuna wengine, na hapo ndipo walipo babu zangu na pengine zako, waliolipa zaidi ya nusu karne bila mtu hata mmoja kuwauliza walitumia nini kupata hizo pesa.

Mimi si mhasibu, kwa hivyo hesabu zako peleka kwa mtu aliyesomea. Mimi nataka tujue tu hii haki ilitoka wapi. Kila baada ya miaka michache serikali hujaribu kuipunguza, na sisi hushtuka kana kwamba ni jambo jipya.

Tuanze na wenye sheria yao. Uingereza ya zamani ilipenda kutoza vitu vinavyoonekana kwa macho. Toka 1696 walikuwa na ushuru wa madirisha: mkusanyaji anapita nje, anahesabu madirisha ya nyumba yako, anaandika bili. Hana haja ya kujua unapata ngapi. Watu wakaziba madirisha kwa matofali, na nyumba zingine huko bado zina hizo alama. Ushuru huo ulifutwa 1851. Kufikia hapo walikuwa tayari na kitu kingine, ushuru wa mapato, ambao waziri mkuu William Pitt aliuanzisha 1799 kulipia vita na Ufaransa. Ulifutwa vita vilipoisha, halafu Robert Peel akaurudisha 1842.

Ushuru wa mapato una swali ambalo ule wa madirisha hauna. Ukiniuliza nimepata ngapi, lazima na mimi nikuulize: kabla ya kununua pamba, ama baada? Muuza nguo anayeuza kwa pauni mia na kununua kwa pauni tisini hajapata mia. Kwa hivyo kwenye sheria ya 1842 kuna sharti ambalo linatuokoa na kututesa hadi leo: gharama inatolewa ikiwa imetumika yote, na kwa ajili ya hiyo biashara pekee. Shika hayo maneno, tutarudi kwake.

Sasa, watu hao hao walipofika huku kwetu hawakuja na ushuru wa mapato. Walikuja na ule wa kuhesabu nyumba.

Walikuwa wameshaujaribu Natal, Afrika Kusini, tangu 1849. Kule Sierra Leone waliuleta 1898 ukazua vita. Huku ulianza 1901. Afisa anakuja na karani, anahesabu nyumba za boma moja moja. Mzee mwenye wake watatu ana nyumba tatu, basi analipa mara tatu. Mwaka 1910 wakaongeza kodi ya kichwa kwa mwanamume ambaye hana nyumba ya kuhesabiwa, yaani hasa vijana. Kwa hivyo hata kama ulikuwa bado unalala kwa simba ya nyumbani kwenu, kichwa chako tayari kilikuwa na bili.

Angalia vizuri kile kilichokuwa kinatozwa. Si mavuno. Si ng'ombe aliyeuzwa. Ni nyumba kuwepo, na mtu kuwepo. Mvua ikikosa, unalipa. Ng'ombe wakifa kwa ugonjwa, unalipa. Ukinunua jembe kwa duka la Mhindi ili ulime zaidi uweze kulipa, hilo jembe ni shauri yako. Hakukuwa na mahali pa kuandika gharama kwa sababu sheria haikukuona kama mtu anayefanya biashara. Na haikuwa bahati mbaya. Mwaka 1913 gavana mwenyewe alisema wazi kwamba ushuru ndiyo njia pekee ya kumlazimisha Mwafrika aondoke kwao akatafute kazi kwa mlowezi. Hela za Nairobi zilikuwa faida ya ziada. Lengo kubwa lilikuwa mikono.

Kiswahili chenyewe kinakumbuka. Hapa Kenya ukisema "kodi" mtu anafikiria keateka anagonga mlango tarehe tano, na pesa ya serikali tunaita "ushuru". Hata wimbo wa KRA ni tulipe ushuru tujitegemee. Lakini ndugu zetu wa Tanzania wanasema kodi kwa zote mbili, na wazee wetu pia walisema hivyo. Kodi ya nyumba. Mtu alilipa kodi ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, kwa udongo wa shamba lake, na aliyeipokea hakuwa mwenye nyumba.

Mwaka ambao mimi huurudia sana ni 1922, kwa sababu hapo unaona ushuru mbili kando kwa kando.

Ya kwanza. Baada ya vita vya kwanza vya dunia uchumi wa koloni ulikuwa umeanguka na serikali ilihitaji pesa. Mwaka 1920 ikatunga sheria ya ushuru wa mapato, ikaanza kazi 1921. Hiyo iliwagusa walowezi na wafanyabiashara, watu wenye vitabu vya hesabu. Ilikuwa ushuru wa kistaarabu kama ule wa kwao: unaandika mapato, unatoa gharama, unalipa kinachobaki. Walowezi hawakuutaka hata hivyo. Wakapiga kelele kwenye baraza la kutunga sheria, wakapiga kelele magazetini, na 1922 ukaondolewa. Pengo likazibwa kwa ushuru wa bidhaa zinazoingia nchini.

Ya pili. Miaka hiyo hiyo kodi ya nyumba na ya kichwa ilipandishwa hadi shilingi 16. Wakati huo huo waajiri wazungu walikuwa wamekubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Na kila mwanamume alikuwa anatembea na kipande shingoni. Jamaa mmoja aliyekuwa akipokea simu katika ofisi ya hazina, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipanga herufi kwenye gazeti la walowezi, akaanza kuandaa mikutano. Ni Harry Thuku, na hakuwa amefika miaka thelathini. Walimkamata Machi 14, 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Muthoni Nyanjiru akawatolea wanaume maneno ya kuwaaibisha, na polisi wakafyatua risasi. Yeye ni mmoja wa waliokufa pale. Thuku alipelekwa Kismayu. Baadaye kodi ikashushwa, kutoka shilingi 16 hadi 12.

Mwaka mmoja. Kundi moja lilipinga ushuru uliowaruhusu kutoa gharama, ukafutwa wote. Kundi lingine lilipinga ushuru usiotoa chochote, likapata risasi na punguzo la shilingi nne.

Walowezi walikwepa ushuru wa mapato hadi 1937, miaka kumi na tano mizima, na hata hapo ulikuja na gharama zake zikiwa salama ndani. Hebu fikiria shamba moja la Naivasha miaka ya arubaini. Mwenye shamba anaandika mishahara ya vibarua kama gharama, anaitoa kabla ya kuhesabu ushuru wake. Kibarua anapokea huo mshahara, halafu kutoka kwa hela hiyo hiyo analipa kodi ya kichwa, bila kutoa unga, bila kutoa nauli. Shilingi moja, kwa daftari la mmoja ni gharama halali, kwa mfuko wa mwingine ni kodi kabla hajala.

Kwa sababu naandikia waandishi, nitaje mmoja wa wakati huo. Henry Muoria aliacha kazi ya reli 1945 akaanzisha gazeti la Kigĩkũyũ, Mumenyereri. Alikuwa mwandishi, mhariri, muuza matangazo na msambazaji, yaani alikuwa vile tulivyo sisi isipokuwa yeye alihitaji karatasi na wino pale sisi tunahitaji bando. Gazeti lilisomwa sana hadi serikali ilipolizima 1952 hali ya hatari ilipotangazwa. Yeye alikuwa safarini London na akabaki huko. Mimi nikimsoma nafikiria ile daftari yake: bei ya karatasi, bei ya kuchapa, nauli ya vifurushi. Kodi ya kichwa haikuuliza bei ya karatasi.

Baada ya hapo stori inakimbia. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa na sheria moja ya pamoja ya ushuru wa mapato toka 1952, na uhuru ulipokuja tuliendelea nayo. Ushirikiano ulipoanza kulegea, Kenya ikatunga yake mwaka 1973, ikaanza kazi Januari 1, 1974. Ndiyo hii tunayotumia hadi leo, Sura ya 470, imefanyiwa viraka kila bajeti. Kifungu cha 15 kinasema gharama inatolewa ikiwa imetumika yote na kwa ajili ya kuzalisha hayo mapato pekee. Unayakumbuka hayo maneno? Ni yale yale ya Peel. Yalipanda meli, yakakaa na walowezi, tukayarithi sisi.

Kwa hivyo kuanzia hapo, kwenye karatasi, mjukuu wa kibarua wa Naivasha ana haki ile ile ya mwenye shamba. Hiyo si kitu kidogo. Na bado wengi wetu hatuitumii. Wasee wanaandika makala kumi kwa wiki, halafu mwezi wa sita wanajaza ritani ya sifuri kwa sababu "hii ni hasla tu". Ukijaza sifuri na pesa imeingia, umedanganya, na ukidanganywa na mtu kwamba ni sawa, jina kwenye ritani ni lako. Wengine wanafanya kinyume: wanaweka kila kitu kilichoingia, hawatoi hata senti, wanalipa kama watu waliohesabiwa nyumba.

Tuweke namba. Mwandishi anapata shilingi 80,000 kwa mwezi, yaani 960,000 kwa mwaka. Gharama zake za kazi ni 20,000 kwa mwezi: intaneti, stima, mtu wa kunakili, makato ya jukwaa linalomletea wateja, makato ya kutoa pesa, programu anazolipia. Kwa mwaka ni 240,000. Faida yake ni 720,000. Kwa viwango vilivyoko tangu Julai 2023, shilingi 288,000 za kwanza kwa mwaka ni asilimia 10, 100,000 zinazofuata ni asilimia 25, kinachozidi hapo ni asilimia 30 hadi ufike kwa matajiri. Kuna nafuu ya 28,800. Tuache SHA na makato mengine pembeni.

Asipotoa gharama: analipa 196,600. Akitoa: analipa 124,600. Tofauti ni 72,000. Hiyo ni laptopu nzuri, ama kodi ya bedsita miezi kadhaa. Na hakuna ujanja hapo wala mlango wa nyuma, ni kifungu cha 15 kinavyosomeka.

Sasa ile sehemu ya kutesa. "Yote na kwa ajili hiyo pekee" ni maneno ya mtu mwenye ofisi yenye mlango. Mfanyabiashara wa 1842 alikuwa na ghala huku na nyumba kule, mlowezi alikuwa na trekta na gari la familia. Wewe uko na chumba kimoja Roysambu. Meza ni kitanda. Wi-Fi inayotuma makala saa nne asubuhi ndiyo inayocheza muvi saa nne usiku. Tokeni ya stima inachaji laptopu na inapasha maji ya kuoga. Kifungu cha 16 kinakataa wazi chochote cha kujitunza mwenyewe na familia na nyumba yako. Kwa hivyo chakula unachokula ukiandika, hata kama ulikula ukiandika kweli, ni chako. Nguo ni zako pia.

Kwa mambo ya nguo, Waingereza wana kesi maarufu. Ann Mallalieu alikuwa wakili, na sheria za mahakama zilimtaka avae nguo nyeusi ambazo yeye hakuzipenda na hangezivaa kwingine. Akazidai kama gharama. Mwaka 1983 majaji wa House of Lords wakamkatalia: hata kama akilini aliwaza kazi tu, mwili wake ulihitaji joto na stara, kwa hivyo hazikuwa za kazi pekee. Kesi za huko hazifungi mahakama zetu, lakini maneno ya sheria ni mamoja na mawakili wetu huzisoma. Mimi naona huo uamuzi ni wa ajabu, ni kama kusema hakuna binadamu anayefanya kazi akiwa hana mwili. Lakini unakuonyesha mstari uko wapi. Ile hudi unayorekodia video, sahau.

Kile kinachoshika ni kile unachoweza kutenganisha. Laini ya pili ya kazi tu, risiti zake pembeni. Kiti na meza ya kazi. Mtu uliyemlipa ahariri. Nauli ya kwenda kumhoji mtu Thika, ikiwa umeiandika siku hiyo na jina la kazi. Laptopu hutoi yote mwaka mmoja. Kompyuta zinakatwa asilimia 25 kwa mwaka, kwa hivyo ya 60,000 unatoa 15,000 kwa miaka minne, na ukiitumia nusu kwa gemu ujue unadai nusu. Na hizo karatasi zote unaziweka miaka mitano, sheria inasema hivyo.

Ninalotaka hasa kusema ni hili. Ule ushuru wa kuhesabu nyumba haukufa. Hubadilisha jina tu.

Kuna ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo, ambao unatoza asilimia fulani ya kila kinachoingia bila kutoa chochote. Ulikuja mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa asilimia 3. Watu wakaukwepa. Mwaka 2018 Bunge likaubadilisha: biashara ndogo ilipe asilimia 15 ya bei ya leseni yake ya kaunti. Soma hiyo tena. Hawakuuliza faida, hawakuuliza hata mauzo, waliuliza karatasi iliyobandikwa ukutani. Ni afisa wa 1901 huyo, tena na shati safi. Hiyo nayo ikashindwa, ushuru wa mauzo ukarudi 2020, ukashushwa hadi asilimia 1 wakati wa korona, na tangu Julai 2023 ni asilimia 3 tena kwa anayeuza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Watetezi wanasema ni rahisi, mama mboga hana haja ya mhasibu. Ni kweli, na asilimia 3 ni kidogo ukiwa na faida nono. Lakini kwa anayenunua kwa 95 na kuuza kwa 100, hiyo tatu ni zaidi ya nusu ya faida yake. Sheria inaruhusu uandike barua ukatae huo mpango ulipe wa kawaida, na malipo ya kazi za kitaaluma hayamo ndani yake. Kwa hivyo mwandishi, kabla hujakubali mtu akuandikishe huko, uliza kwanza.

Halafu 2020 wakajaribu kubwa zaidi. Sheria ya fedha ya mwaka huo ilileta ushuru wa chini kabisa: kuanzia Januari 2021 kila biashara ilipe angalau asilimia 1 ya mauzo yote, hata kama imepata hasara. Hata kama imepata hasara! Serikali ilikuwa na hoja, na sitaki kuificha: kuna kampuni kubwa zinazoonyesha hasara miaka kumi mfululizo huku zikifungua matawi mapya. Lakini dawa hiyo iliwalipisha wote, mgonjwa na mzima.

Unajua nani walioipeleka mahakamani? Usidhani ni maprofesa. Ni wenye baa wa Kitengela. Chama chao kilienda Mahakama Kuu ya Machakos kikasema mtu asiye na faida hana mapato, na kumtoza ni kumla mtaji. Septemba 20, 2021 Jaji George Odunga akakubaliana nao, akasema hiyo inavunja Katiba, kwa sababu Katiba inataka mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. KRA ikakata rufaa, na Desemba 2022 Mahakama ya Rufaa ikasimama na wenye baa. Mimi sinywi, lakini kila nikipita Kitengela nawashukuru kimoyomoyo. Kile Thuku alichokosa pale kituo cha polisi, yaani mahali pa kusema "umehesabu vibaya" na mtu akasikiliza, hao jamaa walikuwa nacho na wakakitumia.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu. Mswada wa fedha wa 2023 ulitaka anayemlipa mtu wa maudhui ya mtandao akate asilimia 15 hapo hapo na kuipeleka KRA. Kelele zikapigwa, ikashuka hadi 5, na ndiyo sheria sasa. Wengi walisema 15 ni nyingi wakaishia hapo. Rudi kwa yule mwandishi wetu wa 960,000, tuseme pesa yake yote ni ya maudhui. Asilimia 15 ya kila kilichoingia ni 144,000. Ushuru wake halali wa mwaka mzima, baada ya gharama, ni 124,600. Wangechukua kuliko anachodaiwa, halafu wamwambie aombe kurudishiwa. Ukitoza kabla ya gharama, hata kama unaita ni malipo ya mapema, umeshaamua kwamba gharama zake hazipo.

Kwa asilimia 5 ni 48,000, na hiyo unaikata kwenye ushuru wako ukijaza ritani, ikiwa aliyeikata aliipeleka. Wateja wa hapa wanaokulipa 24,000 ama zaidi kwa mwezi kwa kazi ya kitaaluma pia hukata 5. Kuna kampuni moja ya matangazo niliyoiandikia ilikata yangu miezi minne na cheti hakikuonekana kwenye iTax hadi nilipowatumia barua pepe ya tatu. Kagua mwenyewe kila mwezi, usingoje Juni.

Na sasa tuko kwa eTIMS. Tangu Januari 2024, gharama ambayo haina ankara ya eTIMS haitolewi, na mambo yaliyosamehewa ni machache. Kwa kampuni kubwa hiyo ni kubonyeza tu. Kwetu angalia inavyoangukia. Makato ya jukwaa la Marekani hayahitaji eTIMS, kwa sababu huduma ya mtu wa nje asiye na ofisi hapa imesamehewa. Lakini dada wa Githurai anayeninakilia mahojiano kwa shilingi mia chache kila saa ya sauti, huyo anahitaji. Asipokuwa nayo, pesa niliyompa kwa kazi halisi inahesabiwa kana kwamba bado iko mfukoni mwangu, nailipia ushuru mimi, na yeye pia anatakiwa kuilipia yake. Matokeo unayajua: watu wanahamishia kazi kwa programu ya nje inayotoa risiti safi, na dada anakosa kazi.

Waliona hilo tatizo, angalau kidogo. Marekebisho ya Desemba 2024 yanaruhusu mnunuzi atengeneze ankara mwenyewe kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Muuzaji awe na PIN na aikubali upande wake. Inachukua kama dakika tano bando ikiwa nzuri. Mimi nimeanza kumtengenezea huyo dada zake, na ya mwezi uliopita ilikuwa shilingi 3,500. Aliniuliza kwa WhatsApp hiyo kitu ni ya nini, na kama itamletea shida na serikali. Nikampigia, tukaongea karibu nusu saa, nikaanzia kwa kodi ya nyumba.